UZI: Unaenda kusomea huduma ya kwanza kazini? Kaa ukijua kazi kubwa ni kuwadhibiti wenye huruma

Mpanga Mizigo

Wakuu habari za muda huu. Hapa kazini kuna vijana wawili wamechaguliwa kwenda kozi ya huduma ya kwanza mahali pa kazi, wote wamenifuata kuniuliza kukoje huko, na humu ndani naona swali hilohilo linajirudia kila baada ya muda, nikaona niweke uzi mmoja ili nikiulizwa tena natuma linki tu. Mimi niko bohari ya kiwanda kimoja upande wa Nyerere Road (jina acha libaki hukohuko) na ndo mtu wa huduma ya kwanza wa shifti yetu, kozi nimesoma na ya kuhuisha nimerudia.

La kisheria tulimalize chap maana halina utamu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awe na vifaa vya huduma ya kwanza na watu waliofundishwa. Msimamizi ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na OSHA wenyewe wanatoa kozi ya huduma ya kwanza mahali pa kazi, Msalaba Mwekundu nao wanafundisha na hao ni wakongwe, wapo hapa nchini tangu 1962. Kwahiyo bosi akikupeleka hajakufanyia hisani, nenda kifua mbele.

Kozi yenyewe ni hivi, utafundishwa kuangalia usalama wa eneo kabla hujamgusa mtu, kupima fahamu na pumzi, CPR (kukandamiza kifua na kutoa pumzi kwa asiyepumua), kuzuia damu, kuungua, kuvunjika, chakula kukwama kooni, kifafa, sumu, umeme. Slaidi ni nyingi na zinaleta usingizi, sidanganyi. Ila mdoli wa kufanyia mazoezi ya CPR akishawekwa chini hamna anayesinzia. Unapiga magoti pembeni yake, kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka, unakandamiza kwenda chini sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, ukifika 30 unatoa pumzi 2 unarudi tena. Kwa kusoma hapa unaona rahisi. Sasa fanya dakika mbili mfululizo na mkufunzi amesimama juu yako anasema "shuka chini, shuka chini, acha kifua kirudi juu ndo ukandamize tena", jasho litakutoka hadi kwenye nyusi, na ndo maana wanasisitiza mpokezane kila dakika mbili, mtu akichoka anabaki anapapasa kifua tu bila mwenyewe kujua.

Lakini lililonifanya nifungue uzi ni hili. Kuna kitu darasani kinaguswa juujuu tu alafu ukirudi kazini ndo unakuta ni nusu ya kazi yenyewe. WATU. Dar mtu hadondoki peke yake wakuu. Nimeona video za kufundishia za wenzetu huko nje, mtu kaanguka barabarani wapita njia wanampita tu, mkufunzi anahimiza jamani jitokezeni msaidie. Huku kwetu shida sio kujitokeza. Akianguka mtu dakika haijaisha washafika, mmoja kamwagia maji usoni, mwingine anapiga kelele "mpeni hewa mpeni hewa" na yeye ndo kamwinamia kuliko wote, huyu anataka akalishwe, yule keshashika miguu wambebe mzobemzobe wamtupie kwenye bajaji, kuna aliyekimbilia dawa ya meno, na kuna anayerekodi. Hamna hata mmoja mwenye nia mbaya hapo. Wote wana huruma, na ukiwafokea wanakugeukia, "kwani wewe daktari?"

Kwahiyo nyie mnaoenda kusoma, mikono mtafundishwa, ila jifunzeni na mdomo. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuwapa kazi. Usiseme "tokeni hapa", mtu wa Dar ukimwambia toka ndo anazidi kusogea karibu. Mnyooshee kidole mmoja, "wewe mwenye shati la bluu, piga simu kwa dereva, mwambie aje geti namba mbili". "Dada shika huu mwavuli umkinge jua." "Nyie wawili geukeni mtazame huko, msiruhusu mtu apite." Aliyepewa kazi hapigi kelele, na huyohuyo ndo anaanza kuwafukuza wenzake kwa niaba yako 😂

Karibuni, mwenye la kuongeza aongeze.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi Mungu akubariki. Mimi nafanya kitengo cha dharura, hospitali sitaji, na wanaoungua wanaoletwa kwetu wamepakwa dawa ya meno, unga, mayai, asali, mwingine oili ya gari. Tunaanza kumsafisha hivyo vitu kwanza kabla hatujaona hata jeraha lina ukubwa gani, na huko kusafishwa maumivu yake msiombe. Moto, mvuke, uji, chai, vyote dawa yake ni maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Sio dakika mbili, ISHIRINI. Barafu hapana. Vua pete, saa na bangili mapema kabla hajavimba, nguo iliyogandia kwenye ngozi iache hivyohivyo, malengelenge usiyatumbue. Ukishapooza unaweza kulaza juu nailoni safi ile ya kufunikia chakula, unailaza tu usiizungushie ukakaza, alafu mlete.

Kijana wa Vingunguti

dada nesi hizo dakika 20 za maji ya kutiririka kiwandani kwetu bomba linatoa hewa tu siku nyingi, DAWASA wakikata ndo imetoka hiyo. tunafanyaje

Mpanga Mizigo

@Kijana wa Vingunguti ndoo na kopo mkuu. Chota mwagia, chota mwagia, chini weka beseni, mmoja achote mwingine ashike mkono wa mgonjwa. Sisi tuna pipa la maji safi karibu na boila limeandikwa kwa rangi nyekundu LA MAJERUHI TU, na kila wiki naangalia kama hawajafulia ovaroli. Na hiyo ni kazi tosha ya kumpa mmoja wa wale wenye huruma, dakika 20 za kuchota maji zinampoza na yeye.

Bishoo Mbishi

Mi naona mnajipalia makaa. Bongo hii ukimgusa mtu akafia mikononi mwako utajieleza vipi? Polisi, PF3, ndugu zake wanakusubiri nje. Mi nikiona mtu kaanguka napiga simu nakaa pembeni. Cheti wabaki nacho.

Fundi Umeme

Bishoo nawe, kwani asiyepumua unamwogopea nini, atazidi kuwa hapumui? Mtu moyo ukisimama kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa ndo nafasi yake inavyopungua. Hapo huwezi ukamharibia zaidi ya alivyo. Hata mbavu ikilia mkufunzi atakwambia endelea.

Mpanga Mizigo

Bishoo hoja yako sio ya kupuuza, wengi wanaiwaza ila hawasemi. Kozini walitueleza hivi. Moja, mwenye fahamu zake muombe ruhusa, jitambulishe, "mimi naitwa fulani nimesomea huduma ya kwanza, nikusaidie?" Akikataa kaa naye karibu usimlazimishe. Pili usivuke ulichofundishwa, hujafundishwa kushona kidonda usishone, hujafundishwa kumpa dawa usimpe. Tatu andika, umemkuta saa ngapi, hali gani, umefanya nini, nani alikuwepo, umemkabidhi kwa nani. Sisi tuna daftari la ajali kazini, na hilo daftari siku ya kudai fidia WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) ndo mtu analitafuta kwa tochi. Kuhusu PF3, hiyo ni karatasi ya polisi na hospitali, wewe pale chini huihitaji ili ukandamize damu. Damu haisubiri fomu.

Mama Hesabu

Jamani na sisi wa maofisini mnatusahau mnaona tunaketi tu. Ofisini kwetu Posta dada mmoja alikwamwa na nyama lunchi, anashika koo hawezi hata kukohoa, watu wakaanza kumpa maji anywe! Maji yanapita wapi jamani na njia imeziba? Kaka mmoja wa IT aliyekuwa amesoma hiyo kozi kazi yake ya zamani akamuinamisha mbele, akampiga mgongoni katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja, ya nne ikatoka. Tangu siku hiyo huyo kaka hatumdai mchango wa chai.

Swali, angekuwa mjamzito ile ya kumkumbatia nyuma na kuvuta tumbo inafanyikaje?

Nesi wa Zamu

Mama Hesabu swali zuri. Mlolongo wa mtu mzima ni kumpiga mgongoni mara 5, isipotoka unamkumbatia kwa nyuma, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, unavuta ndani na juu mara 5, unarudia hivyo. Mjamzito tumbo huligusi, unapandisha mikono juu unavutia katikati ya kifua. Mnene sana ambaye mikono haimzunguki tumbo ni hivyohivyo. Mtoto chini ya mwaka mmoja tumbo HAPANA kabisa, ni mgongoni akiwa amelala kifudifudi kwenye mkono wako kichwa kikiwa chini, alafu kifuani kwa vidole. Anayekohoa kwa nguvu mwenyewe muache akohoe, msimgonge. Na akizimia mikononi mwako mlaze chini uanze CPR.

Ile ya kuvuta tumbo ilitangazwa na daktari wa Marekani Henry Heimlich mwaka 1974, kwahiyo wazee wetu wengi waliopitia mafunzo ya zamani hawakufundishwa, wanajua mgongoni tu. Na mgongoni sio kosa.

Cheti Chap

Wakuu kwa wanaohitaji cheti cha huduma ya kwanza bila kupoteza muda darasani njoo inbox, kinatoka siku hiyohiyo, kina muhuri

Mtu wa HR

@Cheti Chap moderator anakuja kukusalimia sasa hivi.

Naomba niseme kidogo kwa upande wetu maana sisi ndo tunaowapeleka. Kosa la makampuni mengi ni kuchagua watu wa kwenda. Anapelekwa katibu muhtasi na msaidizi wa meneja kwasababu ndo wako karibu na aliyepanga orodha, wakati ajali ziko kwenye mashine na upakiaji, tena usiku. Ukipanga anza na shifti, je saa nane usiku yupo nani? Alafu likizo, je huyo akienda kwao Bukoba mwezi mzima anabaki nani? Mpeleke mtu anayekaa eneo la kazi, mtulivu, na asiwe yule anayeona damu anaenda chini yeye kwanza, wapo na sio aibu, waulizeni kabla. Na apende mwenyewe. Wa kulazimishwa anarudi na cheti na mgongo unamuuma.

Kingine, ukichagua mkufunzi usiulize bei tu. Uliza midoli mingapi kwa watu wangapi. Watu 30 mdoli mmoja hapo hamna kozi, hapo kuna hotuba. Mwambie pia kazi zenu ni nini aje na mifano yenu, sisi ni wa kemikali, akatufundisha kuumwa na nyoka nusu siku. (Sio kwamba nyoka hawapo, wapo, ila mnanielewa.)

Mzee wa Pwani

nyoka mimi nataka kujua maana nipo shamba kisarawe. wanasema unachanja unanyonya sumu

Nesi wa Zamu

Hapana baba yangu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usimpake kitu. Mtulize asitembee, mkono au mguu ulioumwa usichezeshwe, ufunge na banzi kana kwamba umevunjika, vua pete na viatu kabla ya uvimbe, apelekwe hospitali haraka. Msimkimbize nyoka kutaka kumleta, tunapata wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Mzee wa Pwani

nashukuru mwanangu

Fundi Umeme

Naomba niongelee umeme maana ndo kazi yangu na hapo hao wenye huruma ndo wanaokufa. Mtu kashikwa na umeme, amekakamaa, mwenzake anaona anamvuta mkono, wanakuwa wawili, anakuja wa tatu. Kabla hujamfikiria mgonjwa ifikirie swichi kubwa. ZIMA. Kila mtu wa huduma ya kwanza ajue swichi kuu ya eneo lake iko wapi na ufunguo wa chumba cha umeme anao nani, hilo halimo kwenye slaidi lazima uzunguke mwenyewe na fundi wenu akuonyeshe. Waya wa nje ya jengo ukikatika na kuanguka chini hapo hamna cha fimbo kavu wala gambuti, kaa mbali, wazuie watu, piga TANESCO. Ukishakata umeme ndo upime kama anapumua, na hata akiamka anasema niko poa mpelekeni hospitali tu, umeme unapita kwenye moyo na hauachi alama kubwa nje.

Wapo pia wanaosema wa kupigwa na umeme azikwe kwenye mchanga hadi shingoni ili umeme utoke. Jamani. Umeme haukai ndani ya mtu kusubiri kutoka. Mnampotezea muda wa CPR kwa kuchimba shimo.

Kijana wa Vingunguti

hiyo ya mchanga nimeikuta kabisa home. nikibishana na bimkubwa namwambiaje 😅

Mpanga Mizigo

Usibishane naye siku ya tukio. Siku ya tukio mpe kazi, mtume kwa jirani mwenye gari. Kubishana mtabishana Jumapili mkiwa mnakunywa chai. Mimi vita ya kumtia mtu wa kifafa kijiko mdomoni nilishinda hivyo, sio kwa kubishana pale mtu yuko chini. Tuna mwenzetu kazini ana kifafa na anajulikana, nikawakusanya watu wa kitengo siku ya kawaida, yeye mwenyewe akakubali kuongea, akawaambia "jamani mnanivunja meno". Wakaelewa palepale kuliko mimi ningeeleza mwaka mzima. Sasa wanajua, ondoa vitu vya kumgonga, weka kitu laini chini ya kichwa, usimshikilie, usimtie kitu mdomoni, angalia saa, ikiisha mgeuze ubavu. Ikizidi dakika tano au zikirudi mfululizo ni hospitali. Na wale wa kukimbia eti ushuzi wa kifafa unaambukiza, nao tukawamalizia siku hiyohiyo.

Bodaboda wa Tabata

sisi bodaboda tunaona ajali kila siku na ndo tunaofika wa kwanza, mbona hatuitwi hizo kozi. alafu helmeti, mwenzetu akianguka tunamvua au tunaiacha

Mpanga Mizigo

Mkuu nyie ndo mngeanza kabisa. Kama mna kijiwe chenye uongozi andikeni barua kwa Msalaba Mwekundu hapa mkoani, muulizie mafunzo kwa kikundi, kumi au kumi na tano mkichangishana inakuwa nafuu kuliko mmojammoja. Helmeti iacheni kama anapumua vizuri, mmoja ashikilie kichwa kwa mikono miwili kisichezecheze na aongee naye. Kinachofanya iondolewe ni kama hapumui au anatapika na hamuwezi kuufikia mdomo, na hapo wanavua wawili, mmoja ameshika shingo na kichwa mwingine anaichomoa taratibu. Na ile kumwinua fasta "aamke aamke" acheni. Kama hamna moto wala gari linalokuja muacheni hapohapo barabarani, wekeni matawi na bodaboda zenu mbali kidogo kuzuia magari. Shingo ikiwa imevunjika nyie ndo mnaweza kumaliza kazi kwa kumbeba mzobemzobe.

Bishoo Mbishi

Haya nimesoma hadi hapa. Swali la kweli sasa, sio ubishi. Hizo pumzi za mdomo kwa mdomo na mtu simjui, kuna UKIMWI kuna TB kuna homa ya ini. Mi siwezi.

Nesi wa Zamu

Sio lazima, na wala usijione mbaya. Mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yako, mikono peke yake bila pumzi inakubalika kabisa, kandamiza usiache mpaka msaada ufike. Pumzi zina uzito zaidi kwa aliyezama majini na kwa watoto, maana hao hewa ndo iliyoanza kukosekana. Kwenye sanduku unaweza kuweka kile kikinga mdomo cha plastiki chenye vali, hakichukui nafasi. Glovu ndo zisikosekane kamwe, kwenye damu usiguse mikono mitupu, na ukikosa glovu hata mfuko wa rambo safi vaa.

Na kitu kingine kinachowachanganya wengi, mtu moyo umesimama anaweza kuwa anakoroma au anavuta hewa mara mojamoja kwa kushtukia, watu wanasema "bado anapumua huyo". Sio kupumua huko. Angalia sekunde zisizozidi 10, kama hapumui kawaida na haitiki, anza.

Mama Hesabu

Kuna kitu nimekisoma kuhusu yule mdoli sikuamini. Eti sura yake ni ya msichana wa kweli?

Mpanga Mizigo

Ni kweli, mkufunzi wetu alitusimulia na nikaenda kusoma zaidi. Mdoli wa kwanza wa hiyo kazi ulitoka 1960, aliutengeneza Asmund Laerdal wa Norway ambaye alikuwa mtengenezaji wa midoli ya watoto. Sura aliichukua kwenye kinyago cha plasta cha msichana asiyejulikana wa Paris, inasimuliwa aliopolewa mto Seine karne ya 19, ila hiyo habari ya kuopolewa wengine wanasema ni hadithi tu. Kinyago kipo kweli. Darasani kwetu aliposimulia watu waliacha utani na mdoli.

Nesi wa Zamu

Na kampuni hiyohiyo ya Laerdal ndo wenye kile kidoli kichanga tunachofundishia kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui, hapa Tanzania wakunga wengi wamepitia mikononi mwake.

Kuli Mstaafu

mnaongea mengi ila sanduku lenyewe sisi lilikuwa limefungwa kufuli ufunguo kwa meneja na meneja yuko Dodoma. ndani kuna pamba moja na panadol zimeisha

Mtu wa HR

😂😂 Mzee umetuanika. Kufuli iondoke leo. Na panadol mwongozo wa Waingereza, wale HSE wasimamizi wao wa usalama kazini, unasema wazi vidonge na dawa visikae kwenye sanduku la huduma ya kwanza, na mimi nakubaliana nao, sanduku likishakuwa na panadol linageuka duka la dawa na siku ya damu unakuta boksi tupu. Hao Waingereza wana kanuni zao za 1981, mtu anasoma ngazi ya siku moja au ya siku tatu kutegemea hatari za kazi, cheti kinaisha baada ya miaka 3, na katikati wanashauri kujikumbusha kila mwaka. Nimelitaja kwasababu makampuni yenye wakubwa nje wanaletaga huo mfumo huku na mtu anadhani ndo sheria yetu. Sheria yetu ni ya OSHA, ila hilo la kujikumbusha kila mwaka libebeni tu.

Kuli Mstaafu

sasa kichwa kikiuma?

Mtu wa HR

Kanunue mzee wangu, duka la dawa lipo hapo nje 🙏

Mpanga Mizigo

Sanduku letu mimi nimelipanga kwa kazi zetu. Sisi ni foklifti, mbao, vyuma na kamba za kufungia mizigo, kwahiyo bendeji kubwa za kukandamizia ni nyingi kuliko plasta, kuna vitambaa vya pembetatu, mkasi wa kukata nguo, glovu pea za kutosha, maji safi ya chupa ya kuoshea jicho, blanketi, kalamu na karatasi. Mpishi wa kantini yeye ana lake na ni la kuungua. Kila mwisho wa mwezi nahesabu na nasaini, kilichotumika kinanunuliwa, na tarehe za kuisha muda naangalia maana bendeji safi nazo zina tarehe.

Fundi Umeme

Toniketi, ule mkanda wa kukaza mkono au mguu ili damu isimame, umeweka? Maana darasani kwetu mkufunzi alisema kufunga kamba ni marufuku, hapa karibuni nasikia wanafundisha.

Mpanga Mizigo

Nimeweka moja, ya kiwandani yenye fimbo ya kusokotea, sio mkanda wa suruali. Kwetu msumeno upo kwahiyo siwezi kukaa bila. Ila hapo nesi aseme.

Nesi wa Zamu

Mkufunzi wako wa zamani hakukosea kwa wakati wake, mafundisho yamebadilika. Kwanza ni kukandamiza moja kwa moja juu ya kidonda, kwa nguvu, bila kuchungulia chungulia kila baada ya dakika. Sehemu kubwa ya damu inasimama hapo. Bendeji ikilowa ongeza nyingine juu na ukandamize zaidi. Toniketi ni pale damu ya mkono au mguu inaruka na kukandamiza kumeshindwa, au kiungo kimekatika. Funga juu ya kidonda sentimita 5 hadi 7, sio kwenye goti wala kiwiko, kaza mpaka damu isimame, itauma sana mwambie kabisa, andika SAA uliyofunga na usiilegeze tena mpaka hospitali. Tunapokea watu wamefungwa kamba ya katani nyembamba hakuna anayejua tangu saa ngapi.

Kitu kilichochoma kikabaki ndani, kisu, nondo, mbao, msichomoe. Zungushieni bendeji kisicheze mlete nacho. Kidole kikikatika kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevunyevu kidogo, ndani ya mfuko, mfuko ndo uwekwe kwenye barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.

Kijana wa Vingunguti

namba za dharura je, ukipiga inapokelewa?

Mpanga Mizigo

114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 polisi, hizo ziandikwe ukutani. Lakini kwa foleni ya hii barabara yetu usiishie kwenye namba. Sisi tumebandika karatasi kila shifti, dereva wa zamu ni nani na namba yake, gari gani lina nafasi ya mtu kulala, hospitali tunayokwenda ni ipi, kutokea huku Amana ndo jirani kwa wengi, wa Kurasini na Mbagala wataelekea Temeke, na nani anabaki kufungua geti. Na mtu wa huduma ya kwanza anapanda na mgonjwa, haachi dereva peke yake na mtu aliyezimia siti ya nyuma. Ukifika usiseme "kaanguka" tu, sema umemkuta saa ngapi, umefanya nini na amebadilikaje njiani.

Nesi wa Zamu

Hapo tu. Ukiniletea hiyo karatasi nitakupenda.

Kijana wa Vingunguti

mi nimeandikishwa jumatatu. niende na nini

Mama Hesabu

Suruali mwanangu! Utapiga magoti siku nzima. Na dada zetu msije na sketi ya kubana wala kucha ndefu, glovu zinapasuka.

Mtu wa HR

Na kitambulisho, jina liandikwe sawasawa na la NIDA, tunasumbuka sana kurudisha vyeti vilivyokosewa herufi.

Bishoo Mbishi

Oya Mpanga Mizigo hiyo karatasi ya shifti iweke humu kama picha basi, bila majina. Nataka nimpelekee supavaiza wetu kesho.

Mpanga Mizigo

Nikiingia zamu usiku naipiga picha naiweka. Namba za madereva nitazifuta, zako jaza mwenyewe, na kabla hujaibandika zipige zote uone kama zinapatikana.